Opereta Hana Mstari

Niliota usiku wa jana, usingizi ukiwa umenichukua kabla sijamaliza sala, kwamba simu zangu za jeshi zimesimama foleni juu ya meza ya chakula zikisubiri nizikague.

Nieleze kwanza simu zenyewe, maana si kila nyumba inazo. Ni simu kuukuu za vitani, za kuzungusha kwa mkono, kila moja na mfuko wake wa turubai. Kanisa lilizipata kwenye mnada wa vyuma chakavu, nami nikaomba nizitengenezee swichibodi, yaani ubao wa kuunganisha nyumba moja na nyingine. Huku kwetu milimani Upare mtandao haufiki, na simu za mkononi tunazitumia kama tochi. Mimi ni mama mtu mzima, mwanafunzi wa darasa la jioni la umeme, lakini nilikuwa na sababu. Binti yangu Naetwe ameolewa ng'ambo ya bonde, na mimba yake ya kwanza imefikia siku zake. Nilitaka uchungu ukianza azungushe simu, nisikie, niende. Basi.

Juzi Mwalimu Senkondo aliukagua ubao darasani. Akapitisha kidole kwenye matundu: zahanati, mchungaji, shule, duka, Naetwe.

"Mama Naetwe," akasema, "binti akipiga, kifuniko cha tundu lake kitaanguka hapa, utajua ni yeye. Sawa. Wewe utamwitikia kwa simu gani?"

Simu zote tano nilikuwa nimezigawa kwa watu. Mwenyewe nilijisahau. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka, ila nilirudi nyumbani na ubao wangu kwapani nikiwa sina raha.

Sasa ndoto.

"Kikosi, mguu sawa!" inasema simu ya kwanza, ile yenye kutu. Zote zinabana waya zao ubavuni.

"Jamani, kaeni tu," nasema. "Mtadondoka."

"Hatukai, afande. Tunamtaka opereta."

"Opereta ni mimi."

"Opereta ana simu?"

"Hana."

Simu zinatazamana. Ya shule inaguna. "Basi huyu si opereta. Huyu ni fanicha."

Nataka kujibu, lakini meza haiko tena ndani. Iko shambani kwangu, katikati ya tangawizi, na kifuniko cha mstari wa tano kinaanguka kwa kishindo cha sufuria ya harusi. Mstari wa tano ni wa Naetwe.

Haraka nachomeka plagi kwenye tundu lake. Ncha ya pili ya waya inabaki mkononi mwangu, haina pa kwenda.

"Hii niiweke wapi?"

"Utakapopenda, afande," inasema simu ya duka. "Ila kanuni ni kanuni. Kinachotoka lazima kirudi kilikotoka."

Hilo nalijua. Mwalimu alitufundisha kwamba simu hizi hutosheka na waya mmoja, kwa sababu ardhi hufanya kazi ya waya wa pili. Nachukua chuma, nakisimika kwenye udongo. Udongo unakohoa.

"Nani ananichoma asubuhi yote hii?"

"Ni mimi, Mama Naetwe. Nina mazungumzo ya kupitisha."

"Nikiwa mkavu hivi sipitishi hata salamu. Ninyweshe."

Hilo nalo ni kweli, darasani tuliambiwa chuma cha ardhini kimwagiwe maji. Lakini maji sina, nina chupa ya chai. Naimimina yote. Udongo unakunywa, unajifuta mdomo kwa jani la tangawizi.

"Mbona sukari kidogo?"

"Ndivyo tunavyokunywa. Ni kwa ajili ya presha ya Baba Naetwe."

"Mpe pole. Haya, sema."

"Halo, Naetwe!" nasema.

Neno langu linaingia ardhini kama fuko. Naliona likienda, udongo ukiinuka juu yake tuta dogo dogo, linateremka bondeni, linapita chini ya mto, linapanda mlima wa ng'ambo na kuingia uani kwa Naetwe. Kuku wanaruka kulipisha.

"Limefika?" nauliza.

"Limefika zamani," unasema udongo. "Jibu pia limerudi. Liko hapo miguuni pako."

Naangalia chini. Ni kweli, kuna tuta linazunguka zunguka na kunigonga vidole vya miguu.

"Mbona haliingii?"

"Litaingilia wapi? Huna mstari."

Jibu la mwanangu niko nalo miguuni na siwezi kulisikia. Nikapiga magoti palepale kwenye tangawizi.

"Bwana," nikasema, "nimewatengenezea watu wote njia ya kuongea, nikajisahau, na binti yangu yuko ng'ambo peke yake. Naomba tundu moja tu. Si lazima liwe zuri. Amina."

Simu zote zimevua vifuniko vya mifuko yao, kama kofia.

"Nimepokea," inasema simu ya mchungaji.

"Sikuwa naongea na wewe."

"Samahani, afande. Mazoea."

Nilipoinuka niliona sweta yangu. Kifungo cha juu kilishakatika siku nyingi, tundu lake liko wazi. Nachomeka plagi hapo. Inaingia tiki, kama imetengenezwa kiwandani. Tuta linapanda mguuni, linapita gotini, hapo linasita kidogo kwa sababu ya baridi yabisi yangu, kisha linafika sikioni.

"Halo, bibi," inasema sauti. Si ya Naetwe.

"Bibi ni nani?"

"Ni wewe. Mimi napiga kutoka ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ndani, bibi. Kwa mama."

Nikavuta stuli nikakaa. Stuli haikuwepo, lakini nilikaa.

"Mjukuu wangu! Wewe wa kike au wa kiume?"

"Hayo hayasemwi kwenye simu ya jeshi."

"Nywele je?"

"Zipo."

"Asante Yesu. Unakuja lini?"

"Mimi niko tayari, nimeshageuka. Shida ni mama. Nikigonga, anajigeuza upande wa pili anasema ni maharage ya jana."

"Na baba yako Kadeghe?"

"Anakoroma. Namsikia hadi huku. Bibi, mwamshe mama, maana nikianza safari sitasimama njiani, na zahanati ni mbali."

Nashika kishikio cha kuzungushia kilicho ubavuni mwa ubao. Ni kizito kuliko kinu. Nikisukuma, kengele hailii, ila mlima wa ng'ambo unasogea. Kumbe kishikio kimefungwa kwenye bonde. Nazungusha, na mlima unakuja na migomba yake, na mbuzi wake waliojikaza miguu wasianguke, na mzee mmoja anayepiga mswaki ambaye ananiambia shikamoo ingawa kwa umri mimi ndiye ningemwamkia. Bonde limekunjwa kama shuka. Dirisha la Naetwe linagusa meza yangu.

Namwona amelala amegeukia ukuta. Nyuma yake nyayo za Kadeghe zimetoka nje ya blanketi.

"Naetwe!"

"Mm."

"Amka. Si maharage."

"Mama? Kwani uko wapi?"

"Niko kwenye simu."

"Inatosha, bibi," inasema ile sauti, na mstari unakatika.

"Naetwe! Naetwe!"

"Mama Naetwe," akasema mume wangu akinitikisa bega, "unampigia nani kelele tangu alfajiri? Kumekucha."

Kweli kulikuwa kumekucha. Simu zote tano zilikuwa mezani ndani ya mifuko yake, hakuna iliyofungwa waya hata mmoja. Nikashuka kitandani kumalizia sala niliyoilalia. Sikufika mbali, mlango ukagongwa. Ni Kadeghe, suruali imelowa umande hadi magotini, anahema.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Twende, uchungu umeanza."

"Umeanza saa ngapi?"

"Hata sijui, mama, mimi nilikuwa nimelala. Yeye ndiye kaniamsha. Anasema umempigia."

Baba Naetwe akaangalia simu mezani, akaniangalia mimi, akaenda kunitafutia viatu.

Tulimkuta Naetwe ameketi kwenye kigoda mlangoni, mfuko wa nguo za mtoto uko tayari miguuni. Nikamlegezea kilemba nimpanguse jasho. Kulizunguka sikio lake la kushoto kulikuwa na alama ya duara iliyobonyea ngozini, na shavuni alama nyingine yenye vitundu vidogo vidogo, kama ya mtu aliyekandamiza simu kwa muda mrefu.

"Mama," akasema uchungu ulipomwachia, "mbona ulikata hatujamaliza kuongea?"

"Si mimi niliyekata," nikamjibu, nikamshika mkono tukaanza kuteremka kwenda zahanati. "Akitoka, muulize mwenyewe."