Kuonja Si Kula

Kofi la kwanza lilimpata Deoksan mdomoni, na upawa ukamtoka mkononi, mchuzi ukamwagika sakafuni. Hakmun hakujali kwamba anayempiga ni kaka yake mkubwa, wala kwamba wateja waliokuwa wakingoja jajangmyeon zao, tambi za mchuzi mweusi, wamegeuza shingo wote. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma wa jikoni akamkuta analamba ule mchuzi mweusi. Analamba, mtu aliyepewa figo!

Na figo yenyewe ilikuwa ya Hakmun. Mwaka jana, hapo hapo Incheon, walimpasua wakaitoa, wakampandikizia kaka. Mtaalamu wa lishe akawaeleza bila kuuma maneno: tambi ni wanga, nguruwe ni mafuta, lakini balaa lenyewe ni ile soya iliyochachushwa kwenye mchuzi. Bakuli moja tu linapita chumvi ya siku nzima. Deoksan akaapa kwa kaburi la baba yao, na kweli, bakuli hakuligusa tena.

"Sijala," alisema sasa, damu ikimchuruzika mdomoni. "Nimeonja. Mpishi asiyeonja atapikaje?"

"Unaonja kila karai?"

"Kila karai, tangu lini sionji? Kuonja si kula, mdogo wangu."

Jamani! Upawa baada ya upawa, kutwa nzima, na majibu ya damu ya kaka asubuhi ile yalishasema figo inakufa. Hakmun akapandwa na mori. Akanyakua mti wa kusukumia unga, akamtandika bega, akamtandika mgongo, pigo jingine likaangusha rafu na mabakuli yote yakapasuka sakafuni. Kaka akaanguka juu ya vigae vyake. Hakmun akautupa mti, akaanza mateke, huku akimtukana kwamba amechinjwa bure kwa ajili ya mbwa asiye na shukrani.

Deoksan hakurudisha hata pigo moja. Uso aliuacha wazi, umechanika, jicho limefumba kwa uvimbe. Kwa mikono yote miwili alikuwa amelikumbatia tumbo la chini, upande wa kulia, pale walipomshona.

"Piga kichwa," alisema kwa shida. "Hapa usipige. Hii ni yako."

Hakmun akashusha mguu. Akakaa chini kwenye mchuzi uliomwagika, mbele ya wateja wote, akalia kwa sauti.