Bi Hadija wa Sebuleni

Nilianzia kidevuni mwa picha. Brashi ndogo, rangi ya ngozi niliyoichanganya asubuhi ile, na mkono mzito kama nimebebeshwa gunia la korosho. Bi Hadija alikaa kando yangu akitazama nembo zake, zile chale za usoni, zikipotea moja moja. Mwenzangu Sudi, mwenye maneno kuliko redio, alishindwa kuvumilia. Alitoka nje ya banda letu pale Shangani, huku kusini, akaosha brashi zilizokwisha kuwa safi. Mpaka leo hataki kuisikia habari hii.

Tulikuwa tunachora wawili. Mimi nyuso, Sudi nguo na mandhari, na waliotuagiza picha walitujua hivyo. "Wewe wape macho, mimi nitawavisha, wasije wakatembea uchi mjini," ndivyo alivyozoea kunitania. Kazi ile ililetwa na binti wa Bi Hadija, Safina, yule mwenye nyumba ya ghorofa karibu na ufukwe. Binti yake Safina alikuwa anaposwa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam. Alitaka picha ya mama yake iwepo sebuleni siku hiyo.

Basi tukawa tunamfuata bibi kwake kijijini Ziwani, kwenye mihogo yake. Uso ule, jamani! Nembo za Kimakonde zilimjaa kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, mistari iliyopindana kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Sijawahi kuchora kitu nikakipenda vile. Alinisimulia jinsi fundi alivyomchanja kwa kisu akiwa msichana, akamsugua mkaa kwenye damu, naye hakulia. "Siku ile nilikuwa mtu," aliniambia. Picha ilipokauka aliipitishia kidole, mstari kwa mstari, akicheka peke yake.

Safina hakucheka. "Fundi, hizi chale ziondoe. Wageni watasema tumetoka porini."

Nikamwambia huo ndio uso wa mama yake, nikiziondoa nitakuwa nimechora mtu mwingine. Sudi akadakia kwamba kama hataki, atafute wachoraji wengine. Safina akaondoka amenuna. Nilidhani tumeshinda.

Kesho yake bibi mwenyewe akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwetu, vumbi tupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zifute, mjukuu wangu."

"Bibi, wallahi siwezi."

"Utaweza. Mwanangu ananionea haya. Tangu ajenge ile nyumba sijakaa sebuleni na wageni wake hata mara moja. Nikimkubalia hili, labda safari hii ataniita. Nataka kumwona mjukuu wangu akiposwa, basi."

Roho iliniuma, nikachukua brashi.

Siku ya posa tulikwenda kuitundika wenyewe. Wageni wakaingia na manukato yao, wakaisifu. Loo, walivyoisifu! Mshenga akauliza kama yule ndiye bibi yake binti.

"Ndiye," akajibu Safina. "Hakujaliwa kufika leo. Afya imekuwa mgogoro."

Pale ndipo nilipoelewa tulichokifanya sote, na yeye mwenyewe bibi akiwemo. Mwanamke mwenye uso laini alikuwa tayari ukutani na watu wameshamwona. Mwenye nembo angetokezaje pale? Si siku ile, wala siku ya ndoa, wala siku nyingine yoyote ndani ya nyumba ile. Zamani alifichwa kwa aibu tu. Sasa kufichwa kwake kulikuwa lazima, na lazima hiyo niliichora mimi kwa ombi lake.

Tukatokea mlango wa uani. Bi Hadija alikuwa jikoni, juu ya kibao cha mbuzi, kanga mpya doti nzima, wanja machoni, sahani ya pilau haijaguswa. Walikuwa wamemwambia asubiri. Sudi alimwona, akapita moja kwa moja hadi barabarani bila hata kuaga.

"Wameipenda picha?" bibi akaniuliza.

"Wameipenda, bibi."

"Alhamdulillahi." Akaweka kanga yake vizuri mabegani. "Basi sasa hivi wataniita."

Nikavuta ndoo nikakaa kando yake. Magari ya wageni yalipowashwa kule mbele, bado alikuwa anautazama mlango wa kuingilia sebuleni, amejiweka tayari kusimama.