Mama Hakununa

Mkwe alikuwa akimfunga mama mkwe wake, mshonaji wa siku nyingi, vifungo vya blauzi mbele ya kabati la kioo. Alikuwa pia akisimulia jinsi mumewe alivyounguza suruali kwa pasi, tundu pale pale pa kukalia, na leo ofisini itabidi atembee kinyumenyume kama kaa. Mshonaji alicheka mno moyoni. Usoni halikutikisika hata kunyanzi moja.

Daktari alikwisha kueleza: ubongoni mna kitu kiitwacho dopamini, ndiyo tarishi anayeuambia mkono nenda na mdomo cheka. Kwa mshonaji imepungua. Ndiyo maana mkono ulitetemeka, miguu ikanata mlangoni, sauti ikawa nyembamba kama uzi. Mkwe aliitikia, lakini rohoni alishika lake: huyu mama kaninunia tangu niolewe.

Dawa ya kwanza ilikuwa imeanza kumrusharusha viungo, wakambadilishia nyingine. Hiyo ikafanya kazi vizuri, lakini kwenye kioo tu.

Mkwe aliinua macho akamwona mama wa kiooni anacheka, mabega yanaruka, machozi yanamlenga. Akamtazama wa kitini: uso kama ukuta uliopigwa plasta. Akarudi kiooni.

"Kumbe unajua kucheka, mama."

Tangu hapo, yeye na wa kiooni wakawa chanda na pete. Yule alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, mkono umetulia tuli. Daktari alipoambiwa, aliuliza kama kioo kina ufa. Hakina. Akaandika dawa iendelee.

Chumbani palikuwa na joto la kupikia na maongezi yalikuwa marefu, kwa hiyo mume na jirani wakalibeba kabati hadi sebuleni. Mama wa kiooni akaenda nalo. Mshonaji alibaki kitini, akisikiliza vikombe vikigongana na wambea wawili wakisengenya mwanawe.

Kutwa nzima akakusanya pumzi. Mkwe alipoleta kidonge, akamshika kanga, akavuta sikio lake karibu.

"Mwanangu," alisema. "Sijakununia. Sijawahi."

Mkwe alimfuta kidevu taratibu, kama anavyofutwa mtoto wa watu.

"Najua, mama. Umeshaniambia sebuleni."

Akamnywesha maji, akarudishia mlango, kwa sababu huko alikuwa ameacha maongezi katikati.