Shampeni Isiyotoa Povu

"Mzee Harish, shampeni yako imekufa!"

Restuta aliingia dukani na gauni la sherehe, chupa mkononi, kilemba kimepinda. Nje, Wembley ilikuwa inanyeshewa kama kawaida yake. Jana yake alikuwa amenunua chupa sita za mvinyo mwekundu uliotoka Shampeni, ile sehemu ya Ufaransa inayosifika kwa mvinyo wa mapovu, kwa ajili ya kipaimara cha binti yake Placida.

"Father kasimama na glass, guests wote wamekaa mkao wa kushtuka, Baba Placida anafungua... kimya! Hata chafya haikutoka. Watu wa Bukoba wanavyojua kucheka, mimi nitaenda wapi?"

Harish aliichukua chupa, akaitikisa sikioni. Marehemu baba yake aliuza nazi Tanga, naye hakujua njia nyingine ya kupima kitu cha majimaji. Mlio ulikuwa mzuri. Ingekuwa nazi, angeiuza bila wasiwasi.

"Haijafa, Mama Placida. Ndivyo ilivyozaliwa. Hata huko Shampeni wapo wachache wanaotengeneza mvinyo mwekundu uliotulia. Ni adimu huo."

"Mtamu?"

"Sana."

"Basi onja mbele yangu, nikawaambie mwenye duka kaonja."

Harish akaanza kutafuta glasi, taratibu. Miaka ishirini mtaa mzima ulimwita Profesa wa Mvinyo, na miaka yote hiyo hakuwahi kuonja hata tone. Siku ya kuondoka Tanga alimwapia mama yake kwamba kileo hakitagusa ulimi wake. Utaalamu wake wote aliuokota kwa wateja: Jumatatu mtu akisema huu unakwenda na samaki, Jumanne Harish alimwambia mwingine kwa sauti nzito. Lakini njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia kaunta. Leo jina lake lingekwenda na maji.

Alikitoa kizibo, akamimina, akainua glasi. Juu ukutani, marehemu mama yake alikuwa akimtazama kutoka kwenye picha yenye shada la maua. Harish akaishusha glasi.

"Sijawahi kuonja, Mama Placida. Huu wala mwingine wowote. Nilimwahidi mama."

Restuta alimtazama yeye, akaitazama picha, kisha akaangua kicheko mpaka kilemba kikadondoka.

"Hata ule uliosema una harufu ya viatu vya ngozi?"

"Huo alisema polisi mmoja."

"Yesu na Maria!" Akaitwaa glasi, akanywa. Akanywa tena. "Mh."

"Mh nzuri au mh mbaya?"

"Zambarau. Zile zilizoanguka zenyewe, halafu mvua ikapita." Alikiokota kilemba, akachukua chupa yake. "Nakwenda kuwaambia mapovu ni ya watoto. Na wewe, Profesa, usihangaike. Tangu leo ulimi wako ni mimi."

Mlango ukajifunga. Harish alibaki na kizibo juu ya kaunta, na zambarau kichwani. Alikumbuka shati la shule lililojaa madoa, na mama akilisugua kwa ndimu huku akimgombeza, huku akicheka. Alimkumbuka mno.

Mama alitaja ulimi. Pua hakuitaja.

Hata hivyo, Harish aliigeuza picha taratibu, mama atazame mvua barabarani, ndipo akakiinua kizibo hadi puani.