Isale la Mpaka wa Mkuu

Theodora, mkutubi, aliitambua harufu ile mara moja, ila hakutaka kuiamini. Machalari. Ndizi na nyama zilikuwa zinachemka ndani ya maktaba ya chuo, saa mbili usiku, mahali fulani nyuma ya rafu za vitabu vya kilimo.

Alivua viatu akanyata. Kwa miaka miwili alikuwa amemsumbua Mkuu wa Chuo ili maktaba ifunguliwe usiku, kwa sababu mabwenini kelele hazikuwa na mwisho na taa zilikuwa hafifu. Mwaka huo wa 1995, Mzee Filemon alikubali shingo upande. "Vurugu moja tu, Mama Theodora, nafunga saa kumi na mbili jioni. Usije kunililia." Na mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Nyuma ya rafu aliwakuta wanachuo wawili wamepiga magoti mbele ya jiko la koili. Mmoja alikuwa Given, kijana aliyekulia kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Mwenzake alikuwa Joyness wa Marangu, na alikuwa anakoroga sufuria kwa rula. Rula ya maktaba, jamani. Kabla Theodora hajafungua kinywa, jiko lilitoa cheche na chuo kizima kikazama gizani, pamoja na nyumba ya Mkuu, ambaye saa hiyo husikiliza taarifa ya habari na hapendi kukatizwa.

"Mmenimaliza," alisema Theodora. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, maana alijua kwamba wanachuo wote wataumia kwa sababu ya sufuria moja.

Asubuhi aliwakuta wale wawili wamemtangulia mlangoni. "Shikamoo, mama," walisema pamoja. Given akamnyooshea isale kwa mikono miwili. Isale ni jani ambalo Mchagga akiletewa kuombwa msamaha hawezi kulikataa, na huletwa jani moja lililofungwa fundo. Given alileta mche mzima, na mizizi yake, na udongo wake.

"Nilimwambia alete isale," Joyness alinong'ona. "Sikumwambia ang'oe."

Theodora alijaribu kuendelea kukasirika, akashindwa. Mchagga wa Kibosho kama yeye hana namna mbele ya isale. "Haya, nimewasamehe. Lakini si mimi niliyekatiziwa habari. Twendeni."

Mzee Filemon alikuwa ameshaandika tangazo la kufunga maktaba. Lilikosa muhuri tu. Theodora hakujitetea. Alifunga fundo kwenye jani moja, akauweka mche wote juu ya tangazo.

"Wameniletea mimi, Mkuu, na mimi nakuletea wewe. Hawa ni watoto wangu."

Mkuu, naye mzaliwa wa Kibosho, alilitazama isale na mizizi yake. Kisha akasimama, akaenda dirishani. Kwenye mpaka wa bustani yake, katikati ya mstari wa masale, palikuwa na pengo.

"Hili limetoka kwenye mpaka wangu," alisema taratibu.

Joyness alifumba macho. Huko kwao juu mlimani, ambako masale ndiyo alama za mipaka ya mashamba, ugomvi wa isale lililong'olewa mpakani hurithiwa na wajukuu.

"Niliona ni mengi, Mkuu," alisema Given. "Nikadhani moja halitaonekana."

Mabega ya Mkuu yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, akalichana tangazo vipande viwili.

"Kwa ajili ya maktaba nimelipokea, sina ujanja. La mpaka bado. Nendeni mkalipande palepale lilipotoka, halafu mniletee jingine la kuombea hilo. Jani, kijana. Jani moja."

Jioni ile, fundi alipokwisha kubadilisha fyuzi, maktaba ilijaa mpaka watu wakakaa chini. Theodora alipita kati ya rafu akinusa kila kona, moyo wake umetulia kabisa. Aliporudi mezani kwake aliikuta rula yake, imeoshwa ikang'aa, bado inanukia ndizi.