Wimbo wa Beti Sita

Anyesi hakumwendea Mungu kwa ajili ya mbingu. Alimwendea kwa ajili ya Jumapili. Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana baadaye watu wa Chamwino walilisimulia jambo hili kila mtu kwa namna yake, na wengi wao hawakuwapo.

Habari za hiyo Jumapili alizisikia korongoni, wanawake wakiwa wamekaa kusubiri maji yajae kwenye shimo la mchanga. Mmoja wao alisema kwamba kule misheni, siku moja katika kila saba, wanapandisha kitambaa cheupe juu ya mti, na kikishapanda hakuna mwanamke anayegusa jiwe la kusagia mpaka kesho yake.

"Hata uwele?" Anyesi akauliza.

"Hata uwele."

"Na mgeni akija?"

"Hata mgeni akija. Mungu wao amekataza."

Anyesi alirudi nyumbani na maji kichwani, akirudia moyoni: siku moja katika kila saba. Wakati huo jina la Anyesi halikuwa lake bado. Alilichagua baadaye kwenye darasa la ubatizo, akalizoea kabla hajapewa, nasi tumwite hivyo hivyo, hakuna atakayedhurika.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi. Mwezi ulikuwa umekwisha kumwacha, na badala yake lilikuja joto lililompanda kutoka kifuani hadi utosini bila kubisha hodi. Mabega yalimuuma akiinama, yakamuuma akisimama. Lakini kilichomtia hofu ni mikono. Siku hizi hata akiketi, viganja vyake vilisukuma mbele na kurudi nyuma juu ya mapaja, mbele na nyuma, vikisaga nafaka isiyokuwapo. Alikuwa akivikalia ili watu wasione.

Mumewe, Matonya, hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Ila reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, Matonya aligundua kwamba wanaume wa kambi ya reli wanakula ugali kila siku ya Mungu, na wananunua unga. Kwamba unga hausagiki wenyewe, hilo hakuligundua. Gunia la uwele lilikuwa likiingia tembeni asubuhi, na likitoka unga, na katikati ya kuingia na kutoka alikuwapo Anyesi, pamoja na ugali wa nyumba nzima, mlenda wake, kuni na maji.

Aliposema anataka kwenda misheni, Matonya alicheka, kisha akafikiri, kisha akasema mbele ya ndugu zake, "Nenda. Wakikuandika jina la ubatizo, Jumapili itakuwa yako, wala hakuna atakayekuuliza unga. Wasipokuandika, basi, safari za misheni zimekwisha."

Neno likisemwa mbele ya ndugu katika boma lile halikurudishwa. Anyesi akalishika.

Akaenda miezi kumi na minne. Na ili apate ruhusa ya kwenda Jumapili, ilimbidi Jumamosi asage unga wa siku mbili, kwa hiyo akafika darasani kila mara akiwa amechoka zaidi ya alivyokuwa kabla hajasikia habari za kupumzika. Aliliona hilo, si mjinga. Lakini alijiambia kwamba ni kwa muda tu, jina likishaandikwa atakaa. Alikuwa akiiwaza siku hiyo njia nzima: atakaa wapi, mkeka gani, mlango ukiwa wazi au umefungwa.

Hatimaye ikafika Jumapili ya mtihani. Mwalimu Bartolomayo, ndiye aliyeongoza ibada pale, angewauliza wanafunzi mbele ya watu wote na kuandika majina ya wanaofaa, kisha padre angekuja kubatiza. Anyesi alichelewa. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kupanda na watu wanaimba ndani. Akazunguka nyuma, kwenye ua wa Mwalimu, anywe maji kwanza asije akaanguka.

Ndipo chini ya ule wimbo akasikia sauti nyingine, sauti ambayo angeitambua hata akiwa kaburini: jiwe juu ya jiwe.

Akasukuma mlango wa kibanda. Dorkasi, mke wa Mwalimu, mwanamke wa rika lake, alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, jasho likimtiririka mpaka kwenye unga. Kule ndani wimbo ukaisha. Mikono ya Dorkasi ikasimama palepale.

"Mbukwa," Dorkasi akamsalimu kwa kunong'ona. "Ingia, funga mlango."

"Unasaga."

"Wakiimba, nasaga. Wakiomba, nasimama."

"Lakini kitambaa kimepanda!"

"Kimepanda, ndiyo. Na watu hamsini wako humo ndani, wengine wametoka Msalato tangu jana. Watakula kitambaa?"

Anyesi akauliza, "Mwalimu anajua?"

"Wageni wakiwa wachache, anachagua wimbo mfupi." Dorkasi akakipima kwa macho kikapu cha uwele kilichobaki. "Leo wa mwisho una beti sita. Zitanitosha."

Anyesi aliumia. Miezi kumi na minne ya kutembea na jua la kutwa, na siku yenyewe ndiyo hii, imefichwa kibandani na mlango umefungwa. Alitaka kumgombeza Dorkasi, akamtukane Mwalimu, arudi nyumbani. Wimbo mwingine ukaanza kanisani, na alipojitazama akaona ameshapiga magoti, ameshika jiwe la pili, anasaga. Hakukumbuka aliamua saa ngapi. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Alipoitwa kwenye mtihani aliingia na unga kwenye nyusi. Kanisa lilikuwa tembe refu lenye dirisha moja, na dirisha lilitazama ua ule ule. Bartolomayo alikuwa mtu wa sauti nzuri na subira. Akamuuliza hili na lile, Anyesi akajibu bila kukosea.

"Amri ya nne," Mwalimu akasema.

Hii aliijua kabla ya zote. Akaeleza kwamba siku hiyo apumzike mwenye nyumba, apumzike mwanawe na binti yake, mtumishi wake wa kiume na wa kike, ng'ombe wake, punda wake, hata mgeni aliyelala kwake. Alikuwa ameisema mara mia darasani. Leo akafika mwisho wake na kusita.

"Mwalimu, mke yuko wapi?"

"Yumo."

"Nimemtafuta. Punda nimemwona."

Upande wa wanawake mtu mmoja akacheka, wengine wakajifunika midomo kwa nguo. Bartolomayo akasubiri watulie.

"Mume na mke ni mwili mmoja," akasema. "Mume akipumzika, mke naye amepumzika."

Anyesi akalifikiri neno hilo kwa makini, maana alimheshimu. "Basi mwili huo una nusu inayoota jua na nusu inayosaga," akasema.

Safari hii hakucheka mtu. Mwalimu akaufungua ukurasa wa majina na kuchovya kalamu. Hakutaka ubishi, alitaka kumaliza. "Swali la mwisho. Kwa nini unataka kubatizwa?"

Jibu lilikuwa limefundishwa, na kila mwanafunzi alilijua: nataka kuzaliwa upya. Maneno matatu. Yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na akiyatamka kalamu itaandika, na Matonya atashika ahadi. Atapata Jumapili. Anyesi akatazama dirishani, kwenye mlango uliofungwa wa kibanda. Mikono yake ilikuwa mapajani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na leo aliisahau kuificha.

"Nimechoka, Mwalimu," akasema.

"Umesemaje?"

"Nimechoka tangu utoto, na sijawahi kumwambia mtu. Hata mwenyewe sijawahi kujiambia. Ng'ombe akilemewa namwonea huruma. Kuku akivunjika mguu namfunga. Mimi nimejitumikisha kama mtu niliyemteka vitani."

Bartolomayo akaifuta kalamu. Hakumkaripia. "Ubatizo si kitanda, mama," akasema. "Utarudi mwakani." Akafunga kitabu. "Tusimame sote. Wimbo wa mwisho."

Basi ikawa hivyo. Anyesi akatoka wakati wengine wanasimama. Miguu ikampeleka kibandani, kwa kuwa palikuwa na kikapu hakijaisha, na yeye hakujua kwenda mahali pengine.

Dorkasi alikuwa amepiga magoti vilevile, mikono juu ya jiwe, lakini hakusaga. Alikuwa amesikia kila neno kupitia dirishani, na machozi yalikuwa yamemchora mistari kwenye unga wa mashavu.

"Ubeti wa kwanza unakwisha," Anyesi akamwambia.

"Nasikia."

"Unga hautatosha."

"Hautatosha," Dorkasi akakubali. Akaliacha jiwe, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kisha akapigapiga ngozi ya ng'ombe pembeni yake, njoo.

Anyesi akaketi. Akanyoosha miguu yote miwili mbele, mchana kweupe, mlango akiwa ameuacha wazi, jambo ambalo hakulifanya tangu alipoolewa. Mikono ikaanza tena, mbele na nyuma. Safari hii hakuikalia. Aliitazama ilivyochubuka, ikamtia huruma ghafla, huruma ya kweli, kana kwamba ni mikono ya mtu mwingine ambaye yeye alimkosea miaka mingi.

"Basi," akaiambia polepole. "Basi, mama. Imetosha. Basi."

Haikumsikia mara moja. Ubeti wa tatu ukapita, na wa nne. Jioni Matonya angemuuliza kama wameandika jina, naye angemwambia hawakuandika. Matonya angesema basi, safari zimekwisha, naye angekubali, zimekwisha. Lakini Jumapili ijayo angetandika ngozi mlangoni kwake na kunyoosha miguu hivi hivi, jiwe likiwa kavu, aje wa kumwinua na amwinue. Alihofu alipowaza hivyo. Hata hivyo hakulibadilisha wazo lake.

Mikono ikapunguza mwendo. Akaigeuza viganja juu, ikabaki hapo.

Kanisani ubeti wa sita ukaisha, kukawa kimya. Dorkasi akashika pumzi, kwa kuwa alijua mumewe amesimama ametega sikio upande wa dirisha, anasikiliza jiwe ambalo halikusikika wimbo mzima. Kisha sauti ile nzuri ikapanda tena, kutoka ubeti wa kwanza. Watu wakafuata kwa kusitasita. Wakafika mwisho, wakarudia. Dorkasi akaanza kutikisika mabega, na Mungu amsamehe, kilikuwa kicheko.

"Umesikia huyo?" akanong'ona. "Anaanza mara ya nne, na koo limeshamkauka."

Dorkasi akageuka kumtazama Anyesi. Alikuwa amelala.