Springi ya Bastola ya Delia

Kila Jumapili, kabla bakuli la viazi vya kupondwa halijamaliza kuzunguka meza, ilikuwa lazima Garth Tveit asimulie kisa cha mkewe Delia na kondoo. Alikisimulia vizuri, mshenzi yule, akibana sauti na kujishika paji la uso. Alimnunulia Delia bastola kubwa ya kuulia dubu ajifunzie, risasi ya kwanza tu bastola ikaruka ikamgonga Delia usoni. Tena walipomwacha peke yake ranchini, kondoo mmoja akavunjika mgongo kwenye seng'enge, na Delia akashindwa kummaliza, akakaa naye tangu asubuhi hadi alasiri akimbembeleza.

"Shemeji, ulimwimbia?" Wade, mdogo wake Garth, hakukosa kuuliza. "Au ulimsomea hadithi?"

Wote wakacheka. Delia naye alicheka, maana ukiolewa kwenye ranchi ya Montana ukitokea mjini, hujui bado ni lini unaruhusiwa kurusha sahani. Lakini moyoni alikuwa anachemka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yule kondoo alikuwa anamtazamaje. Siku ile aliishika bastola kubwa mara tatu, mtutu ukayumba, akaogopa atamjeruhi tu na kumzidishia mateso. Sasa hapo cha kuchekesha kiko wapi? Delia alitaka jambo moja tu: mnyama mwingine akivunjika mbele yake, asilazimike kumngoja mtu.

Ni Marlys tu, mama yake Garth, ambaye hakuwa anacheka. Alikuwa anakata nyama yake, kisu kikikwaruza sahani. Jumatatu moja akasimama mlangoni kwa Delia, kofia kichwani, funguo za pikapu mkononi.

"Vaa viatu, mwanangu. Tunakwenda kwa Pruett kukutafutia bastola. Nimechoka kusikia upuuzi mezani kwangu."

Pruett, mwenye duka la bunduki, alifurahi kuwaona kupita kiasi. "Karibuni, karibuni! Nina kitu hapa kimekuja juzi tu, mpini wa rangi ya waridi, hata kwenye mkoba kinapendeza."

"Pruett," Marlys akasema, "huyu haendi harusini. Rudisha hiyo nyuma kabla sijaitupa barabarani. Nataka ya risasi ndogo, zile za kipimo cha ishirini na mbili. Ya kazi na ya kujifunzia."

"Ishirini na mbili? Mama Tveit, huko kuna dubu!"

"Nimeishi huko tangu wewe hujui kujifunga kamba za viatu. Dubu nimekutana naye mara moja, akakimbia. Kondoo waliovunjika miguu siwezi kuwahesabu. Toa."

Pruett akatoa. Kwa kila bastola Marlys alimwambia Delia anyooshe mkono na kuishika hivyo hivyo mpaka aambiwe basi. Ya kwanza ilikuwa chuma kitupu, nzuri, ila haukupita muda mtutu ukaanza kuinama. "Hii utaichoka, na ukiichoka utaiacha ndani ya gari," Marlys akasema. Ya pili ilikuwa na mtutu mfupi kama kidole gumba. "Hii utalenga mlima uukose." Ya tatu mwili wake ulikuwa wa alumini, mtutu wa urefu wa kiganja, silinda inayozunguka ya risasi nane. Delia akanyoosha mkono. Mkono ukatulia. Akahisi kama amekishika kitu chake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole. Ilikuwa nzito, akaivuta mpaka akakunja uso.

"Hilo dogo," Pruett akasema, akikonyeza. "Nampunguzia springi, inakuwa laini. Vidole vya kike hivi."

"Weee! Usiiguse!" Marlys akapiga kaunta kwa kofi. "Risasi hizi zinagongwa ukingoni, na zinataka kugongwa kwa nguvu. Ukilegeza springi, ile nyundo ndogo ya nyuma inapapasa tu, risasi hailipuki. Unataka kumuuzia jiwe?" Akamgeukia Delia. "Kidole kitazoea. Mimi mwenyewe nitasimama nawe."

Na kweli alisimama naye, kiangazi kizima, nyuma ya banda la kunyolea kondoo, makopo ya maharage yamepangwa juu ya gogo. Bastola haikurusha mkono wala kuumiza masikio. Kidole cha Delia kilitoka lengelenge, lengelenge likapasuka, pakaota sugu. Marlys alimfundisha pia kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba akitaka kulenga kwa utulivu, akamchorea kichwa cha kondoo na cha farasi kwenye ubao, na mahali pa kuweka risasi ili mnyama asijue kilichompata. Kufikia mavuno ya majani makavu, makopo hayakuwa yanasalimika.

Garth aliipa bastola ile jina, kijiti cha meno. "Mke wangu, kijiti chako cha meno umekisahau." Yeye lile dubwasha la kuulia dubu, ambalo sasa lilikuwa lake, lilikuwa linaning'inia kwenye msumari jikoni, kwa sababu likikaa kiunoni lilimvuta suruali. Hilo halikusimuliwa Jumapili.

Vuli ilipoingia walikuwa wanashusha kondoo kutoka malisho ya juu, Delia kwa miguu, bastola yake kiunoni, Garth akimwongoza Juniper kwa kamba. Juniper alikuwa farasi jike wa Garth wa miaka mingi, aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Getini kuna vyuma vilivyolazwa juu ya shimo ili mifugo isipite, na farasi wote hupitishwa pembeni. Mbwa akamkurupua kondoo, kondoo akapita chini ya tumbo la Juniper, farasi akaruka upande usio wake. Miguu ya mbele ikazama katikati ya vyuma. Mlio wa mifupa ulisikika mpaka kwa Delia.

"Mungu wangu! Mungu wangu, Juniper!" Garth alikuwa amepiga magoti, mikono hewani, hajui ashike wapi. Farasi alikuwa anajaribu kuinuka na haiwezekani kuinuka. "Bastola! Delia, nipe hiyo bastola!"

Delia akampa. Garth akalenga, akavuta triga. Tak. Akavuta tena. Tak. Tena. Tak. Juniper akapiga kelele, na farasi akipiga kelele za namna ile hutataka kuzisikia mara ya pili.

"Risasi gani hizi! Takataka gani hizi!"

"Lete niione." Delia akafungua silinda. Ukingoni mwa zile risasi tatu palikuwa na mkwaruzo mdogo tu, kama ukucha. Akaifunga, akagusa triga. Ilikuwa laini. Bastola ile haikuwa nyumbani wiki nzima, Garth alisema ameipeleka kusafishwa, ikarudi jana.

"Garth. Umeifanya nini bastola yangu?"

Garth hakumtazama. "Nilimwambia Pruett aipunguze springi. Kidogo tu. Nilitaka ikurahisishie, mpenzi. Kidole chako kile..."

"Nani alikuomba?" Delia alikuwa anapiga kelele sasa, na hakujali. "Nani alikuomba, Garth? Kidole changu kilikulalamikia? Mama yako alikataa mbele ya huyo Pruett, alikataa kwa kupiga kaunta, na nyinyi wawili mkaona sisi hatujui tunachosema!"

"Ngoja nikimbie nyumbani nikachukue yangu."

"Nyumbani ni nyuma ya kilima, na huyu anangojaje? Toka. Kaa nyuma yangu."

Alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma, lakini mtutu haukuyumba. Akaivuta nyundo kwa kidole gumba mpaka mwisho, maana ikivutwa hivyo huanguka kwa nguvu zaidi, na akaomba nguvu hiyo itoshe. Akapima mahali palepale palipochorwa kwenye ubao. Risasi ikalia. Juniper akalaza kichwa. Delia akavuta nyundo tena, akapiga ya pili ili awe na hakika.

Garth akalia kama mtoto, akakumbatia shingo ya farasi wake. Delia hakumcheka. Alivua koti lake, akamfunika nalo mabegani, akaenda kukusanya kondoo peke yake.

Jumapili ikafika, nyama ya kuoka ikafika, bakuli la viazi likaanza kuzunguka. Hakuna aliyethubutu kuanzisha cheko. Mwishowe Wade akakohoa.

"Pole, kaka. Nimesikia habari za Juniper. Ulimmaliza mwenyewe?"

Garth akazungusha uma kwenye sahani. Delia akamtazama. Marlys naye akaacha kukata nyama.

"Eh," Garth akasema. "Ilibidi."

Delia akainuka. Akaenda kwenye msumari wa mlangoni, alikotundika ala yake alipoingia, akaitoa bastola ndani ya ala, akaifungua na kuiangalia mara mbili kwamba haina kitu, akarudi na kuilaza mezani, wazi, katikati ya nyama na viazi, mbele ya mumewe.

"Wewe ndiye msimulizi wa nyumba hii," akasema. "Kisa cha kondoo wangu tumekisikia mwaka mzima. Leo simulia hiki. Anzia kwenye springi."

Akaketi, akapakua viazi, akangoja. Marlys akasukuma sahani yake pembeni, naye akangoja.